Ugali mmoja, mboga tofauti: funzo kwa waandishi wa programu Kakamega

Wewe unayeandika programu hapa Kakamega, hebu nikuulize: una wateja wangapi, na una nakala ngapi za kazi ile ile?

Mimi nilikuwa na watatu: duka la dawa, hardware na muuza vipuri vya bodaboda. Niliandika programu moja ya mauzo, kisha nikawa nakopi tu na kubadilisha jina na rangi. Nikajiona mjanja. Halafu ikaja eTIMS ya KRA. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Wote watatu wakanipigia simu wiki moja! Kila nakala ilikuwa imeshaota pembe zake, kwa hivyo kazi moja nikaifanya mara tatu. Mmoja alichoka kungoja, akaenda.

Kampuni kubwa zina dawa ya shida hii. Unajenga msingi mmoja wa wote, halafu juu yake kila mteja anawekewa vipande vyake. Ugali ni ule ule. Huyu anataka mrenda, yule ingokho. Kasoro ikitokea kwenye msingi, unairekebisha mara moja na wote wanapona.

Usidhani ni mambo ya Ulaya. Tazama Eldoret. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao kutoka Indiana, Marekani, walikuwa na mfumo wa rekodi uliolemewa na wingi wa wagonjwa wa HIV. Hawakutengeneza mwingine wa Eldoret pekee. Walianzisha OpenMRS: msingi wenye mambo ya kila hospitali, kama mgonjwa, ziara na vipimo, pamoja na nafasi ya kuongeza vipande. Ulianza kazi Eldoret 2006. Baadaye juu yake Kenya ikajenga KenyaEMR, na Uganda ikajenga UgandaEMR.

Lakini msingi si wa bure. Unakula muda kabla ya kuleta hata shilingi, na mteja anataka kazi kesho. Tena lazima awepo wa kuutunza. KenyaEMR ilitegemea sana pesa za Marekani, na Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada tukabaki na swali: mtunzaji atalipwa na nani?

Ushauri wangu? Usijenge msingi ukiwa na mteja mmoja. Wa tatu akibisha hodi, hapo tenga vitu vya wote na vya mmoja mmoja.

Mimi niliacha chuo, sina digrii. Lakini msimbo wa OpenMRS uko wazi. Ukiwa na bando unaweza kuusoma leo usiku. Hapa town tuko wengi tunaoandika programu ile ile ya mauzo, kila mtu chumbani kwake. Mbona tusitunze ugali mmoja, tushindane kwa mboga?