Jicho Ndani ya Gari la Polisi

Mnamo Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, wanafunzi wa vyuo, walikamatwa kwa kukiuka kafyu, wakafia mikononi mwa polisi. Ilidaiwa kwamba waliruka kutoka garini likiwa mwendoni. Baadaye maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji. Laiti gari lile lingalikuwa na kamera, ubishi huo ungalitoka wapi? Mzazi wa Kiogoro mwenye mwana chuoni ana haki ya kuuliza hivyo. Kamera humkinga mshukiwa, na humkinga pia askari mwadilifu asisingiziwe. Lakini picha zikihifadhiwa na kituo chenyewe, kesi ya nyani itakuwa imepewa hakimu ngedere. Na zihifadhiwe na IPOA, iliyoundwa kisheria mwaka wa 2011 iwachunguze polisi.