Mgeni amechora paa, mwenyeji ataje jina

Kwa hakika kompyuta si mgeni tena katika nyumba zetu. Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya nchi yetu ilitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa. Ilikuwa ya taratibu na ya ghali, na aliyetaka kutuma barua moja alilazimika kwenda mjini na kulipia kwa muda. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, na baada yake mkongo wa taifa ukasambazwa mikoani. Leo hapa Nyakato wapo wenye kompyuta mezani, na walio wengi zaidi wanayo simu yenye uwezo ambao kompyuta za miaka ile hazikuwa nao. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: mwenye chombo akishamaliza shughuli zake, jirani yake ananufaika na nini?

Wapo waliolijibu swali hilo kabla yetu. Mwaka 2006 ulizinduliwa mradi wa Africa@home, na kazi yake ya kwanza ilikuwa MalariaControl.net, iliyohusisha wanasayansi wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi. Mtu aliweka programu katika kompyuta ya nyumbani. Kila kompyuta ilipokaa bila kazi, programu ile ilipiga sehemu ya hesabu za namna malaria inavyoenea, kisha ikarudisha majibu kwa intaneti. Kazi hiyo ilifungwa mwaka 2016. Hata hivyo, ilionyesha kuwa watu wasiojuana, ambao wengi wao hawakuwahi kuugua malaria, waliweza kutoa umeme wao na saa za kompyuta zao kwa ajili ya maradhi yanayowasumbua watoto wa Kanda ya Ziwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Barabara ya Musoma ikitoka Nyakato hupita Igoma, Kisesa, Magu na Lamadi, ikaingia Mkoa wa Mara na kupita Bunda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika mkoa huo wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 10. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Lakini kila Desemba ikaribiapo, shule zikiwa zimefungwa, wapo mabinti wanaojua kuwa ngariba anawasubiri, nao hukimbia kwa miguu.

Baadhi yao hupokewa katika nyumba salama za Mugumu na Butiama, zinazoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Bi. Rhobi Samwelly. Taabu ni kufika kwa binti kabla ya ngariba. Habari huletwa kwa simu, pengine usiku, kutoka kijiji ambacho hakikuwamo katika ramani yoyote ambayo polisi au waokoaji wangeweza kuitumia. Gari lipo na askari yupo, lakini njia haijulikani.

Hapo ndipo kompyuta za nyumbani zilipoingia. Tangu mwaka 2015, kwa juhudi iitwayo Crowd2Map Tanzania, iliyoanzishwa na Bi. Janet Chapman wa Uingereza, maelfu ya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania. Mtu hufungua picha ya setilaiti kwenye kompyuta yake, akafuatisha kila paa, kila njia na kila kijito anachokiona, na mwenye uzoefu zaidi huikagua kazi hiyo. Michoro huingia katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Mtu akishaipakua katika simu yake, huisoma hata mahali pasipo na mtandao. Kwa njia hiyo yamechorwa majengo kwa mamilioni.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye neno letu. Mtu aliyeketi London huliona paa kutoka angani. Haoni kama chini ya paa hilo pana shule, zahanati, msikiti au ghala la pamba. Wala hajui jina la kijiji, kwa kuwa jina halionekani katika picha. Binti anayepiga simu hasemi nyuzi za latitudo. Hutaja jina la kitongoji, mlima au mnada. Ramani yenye mapaa elfu yasiyo na majina haimwelekezi dereva. Majina hayo tunayo sisi. Anayo mwalimu aliyepangiwa kazi vijijini, mfanyabiashara wa dagaa anayezunguka minadani, dereva wa bodaboda na muuguzi. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja na amefanya sehemu yake. Yapo majina ambayo wenyeji, wakiwamo vijana wa Mara yenyewe, wamekwisha kuyaingiza kwa simu zao. Lakini kazi iliyobaki haiwezi kumalizwa na mtu wa mbali, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani.

Wapo watakaosema kuwa ramani ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na Serikali ina wajibu wake. Lakini hatujaona mtu akisubiri Serikali imchotee maji jirani yake nyumba inapoungua. Wengine watasema vifurushi ni ghali na umeme hukatika. Hilo nalo ni kweli, ila kuandika jina la kijiji hakuli kifurushi kikubwa kama video za mpira tunazozitazama hadi usiku wa manane. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Aidha, ikumbukwe kuwa ramani ni amana. Anayeandika jina asilolijua kwa yakini anaweza kulipeleka gari la uokoaji upande mwingine. Anayeweka hadharani nyumba ya familia yenye kesi, au mahali alipofichwa binti, anamwonyesha njia yule anayemtafuta kwa ubaya. Basi yaandikwe yale ya umma: kijiji, kitongoji, shule, zahanati, kituo cha polisi, daraja na kivuko. Wala ramani peke yake haimwokoi mtu. Aliyepata habari ya binti aliye hatarini aifikishe kwanza polisi, penye Dawati la Jinsia na Watoto.

Kwa mantiki hiyo tunatoa wito. Walimu wa kompyuta wa Nyakato na Mwanza nzima wawape wanafunzi wao saa moja kwa wiki ya kujifunza kuchora na kuhakiki ramani hii. Wasafiri wa Mara, Simiyu, Geita na visiwa vya Ukerewe waandike majina ya mahali wanapopita. Wenye kompyuta wawaazime wasio nazo. Sadaka si fedha pekee. Jina la kijiji lililoandikwa sawasawa mara moja huwafaa waokoaji leo, wachanjaji mwakani, na wengine ambao aliyeliandika hatawajua, Inshaallah.

Desemba haiko mbali, na vijiji visivyo na majina bado ni vingi.