Mtoto Mchanga Naye Asomewe Kitabu

Mwanangu wa kwanza alipoingia darasa la kwanza alikuwa hajapata kushika kitabu. Kosa lilikuwa langu. Kila jioni nilikuwa nikifunua gazeti langu na kumwambia akacheze nje, nikiamini ya kwamba kusoma ni kazi ya mwalimu, na kwamba mtoto asiyejua kusema hana haja na maandishi. Ilimchukua miaka mingi kuacha kukiogopa kitabu, na hata leo akiwa mtu mzima husoma pale tu anapolazimika.

Sasa mwanangu huyo ana mtoto wa miezi minane. Mkewe humpakata kila jioni na kumsomea. Siku ya kwanza nilipoona jambo hili nilicheka, nikamwuliza, "Mwanangu, huyu atafahamu nini?"

Akanijibu kwa adabu, "Baba, hata tunapomsemesha hafahamu, lakini hatunyamazi."

Jawabu hilo lilinitia haya. Wataalamu wanatwambia kwamba mtoto huanza kusikia angali tumboni, na akizaliwa huitambua sauti ya mamake. Anaposomewa hukusanya maneno kidogo kidogo, kama mtu awekaye akiba, mpaka siku ya kuyatumia ifike. Ndiyo maana mwaka wa 1992, mjini Birmingham, Uingereza, ulianzishwa mpango wa kuwapa vitabu wazazi wa watoto wachanga. Nao madaktari wa watoto wa Marekani, mwaka wa 2014, waliwashauri wazazi wawasomee watoto wao kwa sauti tangu uchanga.

Lakini ndugu msomaji, usidhani hii ni desturi ya wageni. Nyanya zetu walituita jioni kwa "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Mtoto wa mgongoni alikuwako pia, wala hakuna aliyemwondoa kwa kuwa hafahamu. Siku hizi nyanya yuko mashambani, mjukuu yuko mjini, na anayemlea ni simu. Simu husema sana, lakini haimtazami mtoto usoni wala haimngojei aitike.

Wako watakaosema kwamba vitabu ni ghali. Ni kweli, unga ndio unaotangulia. Hata hivyo, picha za kalenda kuukuu zikishonwa pamoja ni kitabu tosha. Mwonyeshe mtoto ng'ombe, mtajie ng'ombe, iwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Dakika kumi kila siku zatosha. Akiurarua ukurasa au kuutia mdomoni, usimkemee. Ndivyo anavyojuana na kitabu.

Juzi mjukuu wangu alitambaa mpaka kitini pangu akiburura kitabu chake. Niliweka gazeti chini. Babake alikuwa amesimama mlangoni akitutazama, nami nikamwita aje akae nasi, tusome sote watatu.