Begi la mtoto lisimshinde njiani

Desemba iliyopita, kama ilivyo kawaida yetu watu wa Kilimanjaro, tulikwenda nyumbani kuhesabiwa. Safari hii niliwaahidi wanangu tungepanda mlima hadi Mandara, kituo cha kwanza kwa njia ya Marangu, na kushuka siku hiyo hiyo. Geti liko karibu mita 1,860 juu ya usawa wa bahari, Mandara ni kama 2,700. Njia inapita msituni na imetengenezwa vizuri. Mtoto aliyezoea kutembea anaimudu.

Kilichotushinda ni begi. Binti yangu wa miaka tisa alivaa lile lake la shule. Ndani nilimwekea chupa mbili za maji za lita moja na nusu, hotpoti ya wali, sweta zito, taulo na nguo za kubadilisha. Mimi mwenyewe nilimpakia, tena kwa mapenzi. Saa moja baada ya kuanza, mvua ikanyesha. Jinzi yake ikalowa hadi mapajani. Akakaa kwenye jiwe, midomo inatetemeka: "Mama, naomba turudi." Mwongozaji wetu alilinyanyua begi lile, akanitazama, hakusema neno. Tulirudi.

Jioni nililitundika kwenye mzani wa shemeji wa kupimia kahawa. Kilo sita na robo! Mtoto mwenyewe ana kilo 26.

Kipimo kinachotumika sana ni mzigo usiozidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa binti yangu ni kati ya kilo 2.6 na 3.9, na kwa kuwa ni mgeni wa milima, mimi nimeshika ile ya chini. Sasa fikiria begi la shule lenye tairi na mpini wa chuma. Linakula sehemu kubwa ya hizo kilo kabla hujatia hata pipi.

Kwa hiyo anza na begi tupu. Liwe jepesi, lisizidi upana wa mabega yake, wala lisining'inie chini ya kiuno. Mikanda ya begani iwe mipana na yenye sponji. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, maana huo ndio unaopunguzia mabega kazi. Kwa safari ya siku moja, lita 10 hadi 15 zinatosha. Ile tabia yetu ya kununua sare kubwa ili "akulie humo humo" tuiache kwenye sare. Begi kubwa litamvuta nyuma, na wewe utalijaza tu.

Nguo ndizo zilizonifunza zaidi. Pamba ikilowa inabaki na maji, inakuwa nzito na inampoza mtoto. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Tena kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita. Nguo ya ndani iwe ya poliesta, na huenda unayo tayari: jezi ya mpira. Juu yake sweta la flisi, ambalo ni jepesi na hukauka haraka, kisha koti la mvua. Mimi nilichimba mitumba ya Memorial pale Moshi, nikasoma lebo za ndani moja moja huku muuza akinicheka. Koti la mvua limwagie maji kidogo kwenye mkono. Yakiteleza, chukua. Yakinywewa, rudisha. Angalia na zipu.

Viatu sina maneno mengi: raba zenye meno, alizokwisha kuzizoea, na soksi za akiba.

Maji ni mzigo wa mzazi. Lita moja ni kilo moja, haina ujanja. Mpe mtoto chupa ya nusu lita, karanga, kofia na filimbi. Lakini sweta na koti lake la mvua vikae kwenye begi lake mwenyewe, usivibebe wewe ili kumpunguzia. Mkiachana kidogo njiani na mvua ikaja, atavihitaji pale alipo.

Juni shule zikifunga tunarudi. Begi limepimwa: kilo mbili na gramu 400, mdoli akiwemo. Huyo mdoli nilitaka abaki nyumbani, tukabishana, mwishowe akatoa pakiti moja ya karanga ili apate nafasi. Jumamosi aliniuliza, "Na mvua ikinyesha tena?" Nikamvalisha koti, nikamsimamisha uani, nikammwagia jagi zima la maji. Akapapasa jezi yake kwa ndani, akasema nimwagie tena.