Korea ya Kusini: mvua ilinyesha, Gangneung ikakosa maji

Ukisema ukame, wengi wanafikiri jangwa. Korea ya Kusini si jangwa: kila mwaka inapata karibu milimita 1300 za mvua. Lakini tarehe 30 mwezi wa nane 2025, serikali yake ilitangaza hali ya maafa kwa Gangneung, mji wa watu karibu 200 000 kwenye pwani ya mashariki. Ni mara ya kwanza ilifanya hivyo sababu ya ukame. Namna gani walifika pale?

Tuanze na majira. Kule yako manne. Wakati wa baridi, upepo mkavu unatoka Siberia. Wakati wa joto, hewa yenye maji inapanda toka baharini, na zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka mzima inaanguka toka mwezi wa sita mpaka wa nane. Mvua ikikupita miezi ile, mwaka wako umeharibika.

Mwezi wa saba 2025, Gwangju, kusini-magharibi, ulipata zaidi ya milimita 400 kwa siku moja. Barabara ziligeuka mito. Gangneung, mvua kidogo tu. Milima ya Taebaek iko katikati: mawingu ya magharibi yanamwaga maji ngambo ile, halafu upepo unashuka huku mkavu na wenye joto.

Basi tuseme ni mambo ya Mungu? Hapana. Gangneung unategemea bwawa moja, Obong, kwa sehemu kubwa ya maji ya nyumbani. Bwawa lilishuka chini ya asilimia 12. Watu walipunguziwa maji ya robine, magari ya kuzima moto yalitoka mikoa mingine kubeba maji. Na Sokcho, mji wa pwani ileile? Wenyewe walikuwa na maji, kwani mwaka 2021 walimaliza kujenga bwawa chini ya ardhi. Mbingu ni ileile, matayarisho ndiyo tofauti.

Mvua ilirudi katikati ya mwezi wa tisa, na tarehe 22 tangazo likaondolewa. Kwetu siye, hatari inaanzia hapo. Bwawa likijaa, wakubwa wanasahau na raia wanafungua robine. Hata nchi tajiri, yenye viwanda na pesa, inaweza kulala karibu na mto na kuamka na kiu.