Jina la Kahawa Nalo ni Mali

Wakili wa alama za biashara kwa kawaida huwatumikia matajiri. Hulinda majina ya sabuni, sigara na vinywaji, na elimu yake ya miaka mingi huishia katika kumzuia mshindani asitumie jina linalofanana. Lakini elimu hiyohiyo yaweza kumtumikia mkulima, kama ilivyotokea Ethiopia.

Mwaka 2005 Serikali ya Ethiopia iliomba majina Yirgacheffe, Harrar na Sidamo yasajiliwe Marekani kuwa alama zake za biashara. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kilipinga, kikidai kwamba majina hayo yamekwisha kuwa ya kila mtu. Ya kila mtu! Mkulima aliyeyapatia sifa hakuulizwa. Ofisi ya usajili nayo ilikataa kwanza Harrar, kisha Sidamo. Mawakili wa Arnold & Porter wa Washington, ambao makampuni huwalipa fedha nyingi, waliisaidia Ethiopia bila malipo. Juni 2007 kampuni ya Starbucks ilitia sahihi mkataba wa kuyatambua majina hayo kuwa mali ya Ethiopia.

Msaada huo ni wa kushukuriwa. Hata hivyo, wakili anayejitolea leo huenda kesho akaitwa na mteja anayelipa. Je, vyuo vyetu vinawafundisha vijana wangapi sheria hii, ili jina la kahawa ya Kilimanjaro likigombewa ng'ambo tuwatume mawakili wetu wenyewe?