Acheni kukaririsha watoto obiti!

Jumamosi hapa Umoja kijana wa jirani yangu, yuko sekondari, alibisha hodi na daftari la fizikia. "Anko, nisaidie hii." Nikasoma: obiti ya setilaiti ni duara au duaradufu. Chini yake mwalimu wa tuisheni amewaandikisha: KARIRI. Nikamuuliza, mbona setilaiti haianguki? "Kwa sababu huko juu hakuna mvutano."

Ndugu wasomaji, nilikasirika. Si kwa kijana. Kwa sisi watu wazima tunaoita hiyo elimu.

Tuanze na huo uongo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilizunguka karibu na ikweta, kilomita mia tano na ushei juu yetu, kila mzunguko kama dakika 96. Kwa kimo hicho mvutano wa dunia bado ni kama asilimia 85 ya ule wa hapa Umoja! Uhuru ilikuwa inaanguka kila sekunde. Ila ilikuwa ikienda pembeni kilomita 7.6 kwa sekunde, na kwa kuwa dunia ni mviringo, ardhi ikawa inaikwepa.

Hayo yote kijana anaweza kujionea kwa kompyuta yoyote ya saiba, programu ya mistari 20:

1. Pima umbali kutoka katikati ya dunia, kwa kilomita.
2. Gawanya 398,600 kwa umbali mara umbali. Huo ndio mvutano, na unaelekea katikati.
3. Badilisha kasi kwa mvutano huo, kwa sekunde 1.
4. Sogeza setilaiti kwa kasi MPYA. Rudia.

Mimi mara ya kwanza nilisogeza kwa kasi ya zamani. Setilaiti ikawa inapanda kila mzunguko, kama imepata mafuta ya bure. Nikamlaumu Newton, kumbe kosa ni langu! Kosa hilo lilinifunza kuliko daftari zima.

Sasa utamu wenyewe. Kwenye hatua ya 2, gawanya kwa umbali mara tatu badala ya mara mbili (rekebisha ile namba ya juu uanze na mvutano uleule). Duaradufu inakufa: setilaiti inazama katikati au inatoroka kabisa. Lakini mstari kutoka katikati hadi kwenye setilaiti bado unafagia eneo lilelile kila sekunde. Kwa nini? Kwa sababu nguvu bado inaelekea katikati, na hilo pekee linatosha. Newton alilithibitisha mwaka 1687. Aliyekariri duaradufu hatalijua milele.

Mtasema mtihani unataka jibu, si programu. Sawa, lakini anayejua jibu linakotoka halisahau.

Na si mchezo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500 ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni. Kila mtu aliuliza: imetoka wapi? Swali hilo ni hesabu ya obiti. Aliyekariri hawezi kulijibu.

Kijana wa jirani anarudi Jumamosi ijayo. Daftari nimemwambia aliache nyumbani.